Bihogo Hataki Kushuka

Mwaka 1953 nilipanda lori la kahawa pale Nyaishozi, nikajifanya natazama migomba ili nisikie vizuri. Mama mmoja wa wafugaji, akiwa amempakata bintiye aliyelala, alikuwa akimweleza bibi asiyemjua: "Tangu tumzike baba yake hataki kula, wala halii. Anasema tu kwamba Bihogo, ng'ombe wetu, hataki majani. Kwamba Bihogo anaogopa. Nampeleka hospitali."

"Aliona mazishi?" bibi akauliza.

"Watoto tuliwapeleka kwa jirani. Yeye tulimwambia baba kaenda kutafuta malisho."

Bibi akaguna. "Mwanangu, muulize Bihogo anaogopa nini."

"Nikimuuliza, atajua."

"Anajua. Hana tu namna ya kusema."

"Na akishasema, bibi, nani atamnyamazisha? Wewe?" Wakabishana hivyo mpaka vumbi likatujaa vinywani, hata mimi niliyefunga changu.

Lori likasimama mbele ya hospitali. Mama akainuka, lakini mtoto akaing'ang'ania kanga yake. Kumbe hakuwa amelala.

"Bihogo hataki kushuka," akasema. "Anaogopa na wewe utaenda kutafuta malisho."