Salamu za Jumapili kwa Salvacion

Baba Padri, ndugu na jamaa, majirani wa La Paz, wafanyakazi wa kituo cha redio, na ninyi wasikilizaji mliojaa hadi barabarani mkiwa na redio zenu mikononi, familia inawasalimu, na inawaomba mvumilie jua, kwa kuwa historia hii ina sehemu ambazo hamjawahi kuzisikia.

Marehemu Primitivo Gellada, ambaye wengi wenu mlimwita Kaka Tibo bila hata kuonana naye uso kwa uso, alizaliwa Guimbal tarehe 11 Juni 1945, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Policarpo, fundi cherehani, na Bi. Consorcia. Alianza shule ya msingi hukohuko Guimbal mwaka 1952 na kumaliza sekondari mwaka 1962, ambako hesabu zilimpiga chenga mpaka mwisho, lakini wimbo aliushika kwa kuusikia mara moja.

Mwaka 1963 aliajiriwa na kituo cha redio hapa mjini Iloilo kufuta vumbi kwenye santuri, na baada ya miaka miwili, mtangazaji wa asubuhi alipougua, akawekwa mbele ya kipaza sauti na hakutoka tena. Ilikuwa miaka ya vijana wa magitaa ya umeme na suti za kubana, kila nyumba ikijinyima ipate redio ndogo ya betri yenye mfuko wa ngozi, na marehemu, nywele zikimeta kwa mafuta ya Tres Palmas, ndiye aliyesoma matangazo ya biskuti za Estrella na poda ya Reina del Mar, kwa sauti iliyowafanya mama zetu waache wali uungue.

Septemba 1966, kwenye sikukuu ya Miagao, alimwona Salvacion Nufable, msichana wa miaka kumi na tisa, nywele zimefika kiunoni, akicheza wimbo ule mnaoujua nyote, na tarehe 19 Aprili 1969 wakafunga ndoa katika kanisa la Miagao, wakajaliwa watoto wawili, Charito, ambaye ndiye anayewasomea, na Edgardo, baharia, ambaye meli yake iko mbali na ambaye, kwa kusema ukweli, hakuomba ruhusa ya kuja.

Katika nyumba ile mwaka 1966 haukuisha. Sahani, pazia, chupa za soda, redio kumi na moja kabatini, vyote vilikuwa vya wakati ule, na Salvacion naye alihesabiwa humo, asikate nywele, asibadili mshono wa gauni, na kiwanda cha Reina del Mar kilipofungwa, marehemu alikusanya makopo yaliyobaki madukani, akawa anampaka mkewe poda iliyochacha mpaka mashavu yakatoka vipele, na mama akilalamika huambiwa, "Vumilia, hiyo ndiyo harufu yako."

Tarehe 14 Septemba 1986, kwa ajili ya joto tu na si kwa lingine lolote, Salvacion alikata nywele zikaishia shingoni. Marehemu alimfungulia mlango, akamtazama kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Mke wangu ana nywele ndefu. Wewe nenda kamtafute, ukimpata mlete," akafunga komeo, na sisi watoto tulikuwa ndani tukisikia mama akigonga. Huko ndiko kuondoka kwa Salvacion mlikokulilia.

Maana mwaka uliofuata marehemu alianzisha kipindi cha Jumapili ya Zamani, saa tatu asubuhi, kilichopendwa kuliko vyote mkoani, na kila Jumapili alikifunga kwa wimbo ule ule na maneno yale yale, kwamba salamu zimfikie Salvacion, aliyemwacha na watoto wawili, popote alipo. Alijua fika alipo. Alikuwa mtaa wa tatu kutoka kituoni, katika soko la La Paz, akiuza supu ya tambi, na saa hiyo ikifika wauza samaki waliongeza sauti za redio zao zote, wateja wakageuza viti wamtazame vizuri, mmoja akipiga kelele, "Dada Salva, mwenzio analia huko, we unakatakata vitunguu!" na mwingine akidakia, "Mwache, moyo wake uligandia kwenye supu!" Wengine waliomcheka hivyo wako hapa leo wamevaa nyeusi, nawaona.

Palikuwa na fundi wa mabasi, Bwana Celso, mjane, mtu mpole, aliyekula pale kila siku na kumbebea mama ndoo za maji, na kwa mara ya kwanza tangu atoke nyumbani mama alionekana akicheka. Marehemu akapata habari, na Jumapili moja akatangaza kwamba kuna fundi mmoja amechoka kukaza nati za mabasi sasa anakaza za wenyewe, mkacheka mkoa mzima, na Celso akala sehemu nyingine mpaka alipofariki. Mama hakuolewa wala kupendwa tena, na kwa hilo namlaumu baba, na sitaacha kumlaumu eti kwa sababu amekufa.

Mnamo Mei 2018 marehemu alipata kiharusi kilichomnyima sauti, kituo kikaendelea kurusha kanda zake za zamani, na Salvacion, bila kuitwa na mtu, akamletea supu hospitalini. Marehemu alimtazama, akanyoosha kidole kwenye picha ya harusi iliyokuwa mezani, akatikisa kichwa, akageukia ukutani. Alifariki Jumapili, tarehe 3 Machi 2019, saa tatu na nusu asubuhi, huku redio ya kitandani ikimtoa yeye mwenyewe, bado anatuma salamu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake, akiwemo mkurugenzi wa kituo aliyekuja na santuri ya wimbo ule na spika mbili kubwa ili upigwe kwa mara ya mwisho. Tumemrudishia santuri yake. Mjane wa marehemu amekaa pale mbele, nywele fupi, nyeupe, na tulipomuuliza anataka wimbo gani alisema hataki wimbo, anataka kimya, walau dakika moja, awe amekaa katikati yenu na hakuna anayemwimbia. Kwa hiyo tusimame, na mlio barabarani zimeni redio, zote, na za kwenye magari pia.

Baba, pumzika kwa amani, na safari hii mwache na yeye apumzike.