Inasio Constantino na Mmea wa Mlimani

Marehemu Inasio Constantino alizaliwa tarehe 3 Agosti 1922 ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Nangade, akavushwa mto mgongoni mwa mama hata jino hajaota. Mimi Deolinda, dada yake mkubwa, nimeombwa niseme mazuri. Nitajitahidi.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, mwaka 1936. Akili alikuwa nazo, masikio ndiyo aliyokosa.

Mwaka 1951 alikwenda Marangu kutunza bustani ya Mzungu. Huko akaona mimea ya juu kabisa mlimani, majani ya kijivu yamejibana pamoja kama mto wa kulalia, akapagawa. Mwaka 1962 alirudi kwetu Mtawanya na makopo ya miche, bati hata moja hakuleta. Bwana we! Jua liliibabua. Iliyopona jua, sisimizi walihamia chini yake wakafumua mizizi. Iliyopona sisimizi, maji yakituama kichwani kidogo tu, inaoza. Alijaza kokoto, akachanganya mchanga, akaagiza mingine, ikafa. Watu walimwambia, "Inasio, panda muhogo!" Akawajibu, "Muhogo hata mbuzi atapanda."

Alifunga ndoa na Francisca tarehe 14 Septemba 1963, wakajaliwa Agnes na Elia. Masika ya 1970 paa lilivuja, Inasio akanunua makuti mapya na kuezekea tuta la mimea yake. Mke na watoto walilala na mabeseni kitandani. Francisca alipolalamika aliambiwa, "Nyie mkilowa mtakauka. Hii ikilowa ndio basi." Alisema mbele yangu.

Januari mwaka huu alivimba miguu, hospitali wakasema ni figo. Mmea ulikuwa umebaki mmoja, nao umefunga vitumba. Miaka kumi na miwili hajapata kuona ua, na sasa alitaka hilo tu kabla ya kufa, wala kusimama hawezi. Majirani walikuja kumjulia hali, kila mmoja na ndoo yake ya maji kama desturi yetu kwa mgonjwa. Wakauona ule mmea wa kijivu. "Maskini, umekauka!" Wakaumwagia. Jirani yetu Bi Somoe, kwa huruma zake, aliumwagia ndoo nzima. Francisca alikuwa barazani akichambua mchicha. Aliwaona, akaendelea kuchambua.

Jumanne tarehe 9 Aprili 1974, Inasio aliuliza, "Umechanua?" Nilimkonyeza wifi yangu aseme ndiyo, jamani, neno moja tu. Alimfuta mumewe jasho vizuri, akamwambia taratibu, "Umeoza, baba Agnes. Nimeutupa jalalani."

Inasio aligeukia ukutani. Jioni tukamfumba macho.

Ameacha mjane, watoto wawili na dada mmoja. Mungu ampumzishe Inasio, na aliowaacha awapumzishe pia.