Bakuli la Kupeleka Aniba

Honi ya meli ililia mara moja tu usiku, mbali, upande wa mtoni, na Idrisi akaketi kitandani. Kijiji chao cha Aniba mpya kilijengwa nchi kavu, na hata honi hufika huko imechoka. Alasiri alikwenda kijiweni, kwenye benchi la udongo lililoshikana na ukuta wa Awadi, amekumbatia bakuli. Awadi alipika miaka ishirini kwenye meli za watalii, ndiyo maana wakamwita Sufuria. Alikuwa akimimina kahawa ya tangawizi. Khairi, mwalimu mstaafu wa jiografia, jina la kijiweni Ramani, alikuwa ameshachora ziwa zima mchangani kwa fimbo.

Safari waliipanga tangu Ramadhani. Alhamisi wangepanda meli pale Bwawa Kuu, pamoja na watalii, hadi Abu Simbeli, wakipita mahekalu yote yaliyokatwa vipande na kupandishwa juu kabla maji hayajafika. Idrisi hakuwa na haja na mahekalu. Alitaka meli isimame mahali pamoja tu, penye maji matupu, juu ya Aniba ya zamani iliyozama. Huko chini alizikwa dada yake mdogo, mwaka mmoja kabla ya watu kuhamishwa kupisha maji ya bwawa. Kila Ijumaa ya mwaka ule mama alimjazia maji bakuli la kaburini.

Ubishi ulikuwa mmoja: meli itapajuaje mahali penyewe?

— Ukiiona ngome ya Ibrimu, geukia machweo, alisema Ramani. Hesabu vilima viwili.

— Ibrimu siku hizi ni kisiwa, Mwalimu, alisema Sufuria, na vilima vyako vinaogelewa na mamba. Ramani yako ina umri wa Farao.

Sufuria alikuwa na dalili yake. Aliapa kwamba mitende ya Aniba bado inazaa huko chini, na kwamba aliwahi kumpasua perege mahali pale pale akamkuta na kokwa ya tende tumboni. Basi watavua, watapasua, watajua. Ramani, asiyekubali kushindwa na mpishi, akasema ziwa likitulia husikika gurudumu la maji la marehemu baba yake, bado linazunguka.

— Na ng'ombe anayelizungusha anakula nini?

— Tende zako.

Idrisi alicheka nao, lakini bakuli hakuliachia. Sufuria akaliona.

— Na hilo la nini?

— La maji.

— Idrisi, ndugu yangu. Yule mtoto ana ziwa zima juu yake.

Ramani alimkata Sufuria jicho. Idrisi akapangusa ukingo wa bakuli kwa kidole.

— Hayo ni ya bwawa, alisema. Hakuna mtu wa kwao aliyempelekea.

Kisha akasema, polepole, kwamba hata Penuti, ofisa wa Farao, kaburi lake lilichongwa mwambani pale pale Aniba likabebwa kwa uangalifu hadi pakavu.

Hapo akafika Samiha, mjukuu wa Ramani, anayefanya kazi ofisi ya meli kule Aswani. Aliwaamkia, akapewa kikombe cha mwisho, akatoa habari: nahodha amekubali kusimama. Ni mtu wa kwao, mahali anapajua bila vilima wala perege. Atazima injini dakika kumi, atasimama sitahani, atamsomea marehemu Fatiha.

— Ila ameuliza kitu kimoja, babu Idrisi. Amtaje nani?

Wazee wawili walimgeukia mwenzao. Miaka sitini ya urafiki, na hawakuwahi kusikia zaidi ya "yule mtoto". Siku ya kuondoka, mama yake Idrisi aliwakataza wote kulitaja lile jina. Akiitwa ataamka, alisema, atadhani ameletewa maji, atatembea hadi nyumbani na hatakuta mtu. Idrisi alitii. Alitii Kairo, miaka thelathini akilinda milango ya watu. Alitii hata alipozaliwa binti yake, jina likiwa limemkaa mdomoni siku saba, hadi akampa jingine.

Sufuria aliinamisha birika, halikutoa kitu. Samiha alingoja, kalamu mkononi.

— Atakapotajwa, nitakuwepo? aliuliza Idrisi.

— Utasimama ubavuni pa nahodha, babu.

Idrisi akaliweka bakuli magotini, akaligeuza mdomo juu kama la kujazwa.

— Nabra, alisema.