Saa ya Mawe Yasiyo na Kitu

Risala ya wakaaji wa Kapata kwa mgeni rasmi, Tata Injinia Séraphin Mukalay, siku ya kukosa kivuli

Mgeni rasmi, Tata Injinia Mukalay, pamoja na wote mliofuatana naye kutoka kampuni ya mgodi,

Mbele ya kukukaribisha, tunaomba tukuambie kwanza yale anayosema jirani yetu Mama Adolphine. Nyumba yake ni ya mwisho kabla ya kilima, na ukipita mlangoni pake atakusimamisha akuambie mwenyewe, na chakula tulichokupikia kitapoa.

Mama Adolphine anasema gurudumu la kwanza la saa yetu, lile la shaba, halikuibwa. Anasema alikuwa anafagia uwanja asubuhi, akaliona linashuka kilima peke yake, wima, polepole, sawa mtu anayejua anakoenda. Lilifika barabarani likangoja kamio moja ya mizigo ipite. Kiisha likavuka, likaenda mpaka kwenye shimo la mgodi, likaingia. Anasema shaba ilichoka kukaa juu, ikarudi kwao. Tulipomuuliza kwa nini hakupiga kelele, alitujibu: "Mutu anarudia kwabo, utamupigia kelele ya nini?"

Sisi hatumpingi. Majuma yale yale wajukuu wake wawili walipata pikipiki, na sisi tuliwapongeza, kama majirani. Lakini gurudumu lile, likiwa limetembea ao limebebwa, ndilo lililotufundisha kutengeneza saa hii uliyokuja kuona. Kwa hiyo tumeona lianze lenyewe.

MAKARIBISHO

Basi, karibu. Tunakuita mgeni kwa sababu ndivyo risala inavyotaka, lakini wazee wanatucheka, maana ulizaliwa hapa Kapata, mstari wa tatu wa nyumba za kampuni, na baba yako alifanya kazi ateliye, kule kwenye karakana, pamoja na Tata Beya aliyeanzisha saa hii. Wako wanaokumbuka ulivyokuwa unakimbia kwenda shule sirene ya kampuni ikilia, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Leo umefika na viatu vyote viwili. Tunamshukuru Mungu.

Mimi ninayesoma naitwa Kabedi, mjukuu wa Tata Beya. Nilimaliza shule ya msingi, basi. Kikundi chetu cha kulinda saa kimenichagua kwa sababu mimi ndiye ninayekaa zaidi kule juu karibu na saa, nikiangalia tu. Maneno ni yetu sote. Tuliyapanga tukiwa pamoja, na mahali tuliposhindwa kuelewana tuliacha maneno ya wazee.

HISTORIA YA SAA

Tata Injinia, wewe unajua sirene ilivyokuwa. Ilikuwa inaamsha baba zetu, inawapeleka wanafunzi, inawaambia mama kutia maji ya ugali kwenye moto. Hakuna aliyehitaji saa mkononi. Halafu kazi ya kampuni ya wakati ule ikapungua, na asubuhi moja sirene haikulia. Watu walibaki wamekaa kwenye vitanda, wamevaa, wakingoja. Tata Beya alikuwa mmoja wao. Alituambia kwamba siku ile alielewa jambo moja: tulikuwa tumeweka wakati wetu mikononi mwa kitu kinachoweza kuanguka.

Ndipo akaanza kusema atatengeneza saa isiyo ya kampuni, isiyotaka umeme, isiyotaka betri. Watu walimuuliza idumu miaka mingapi. Akajibu idumu mpaka watu wasahau hata jina la shaba, na siku ile mtu akipanda kilima aikute inatembea. Tata Amadi, ambaye familia yake ilikuja na biashara kutoka mashariki, na ambaye kamio yake mnaiona pale getini, alicheka mpaka akakaa chini. Alisema: "Kamio yangu haimalizake juma bila kulala ku barabara, na ninyi munataka saa ya miaka elfu na elfu?" Lakini ndiye aliyekuja kubeba kila jiwe la saa hii, na kamio ililala barabarani kila mara, naye kila mara aliamka nayo.

Kosa letu la kwanza lilikuwa la watu wa Kolwezi, mji wetu huu wa shaba. Tulitaka saa idumu, basi tukatafuta kitu tunachokijua kuwa na nguvu, tukachukua shaba. Tuliisugua mpaka ikawaka. Tulipoipandisha kilimani, ilionekana toka Musonoi. Sisi wote tulisimama chini tukiitazama kwa furaha, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba na wengine wanaitazama.

Haikumaliza juma.

Siku lilipopotea, tulimkuta Tata Beya amekaa mahali gurudumu lilipokuwa. Tulidhani analia. Alikuwa anafikiri. Alituambia neno ambalo hata leo ndilo sheria ya kikundi hiki: "Kitu ya kudumu huku kwetu ni ile hakuna mutu anaitaka."

Basi tukaanza upya, na safari hii tulitafuta vitu visivyotakiwa. Kilima chenyewe tulikichagua hivyo toka mwanzo. Unajua, Tata, kilima chenye shaba hakioti miti, kinaota majani mafupi na lile ua la zambarau, na wachimbaji wakiliona wanakuja na sururu. Hiki chetu kina miti. Wachimbaji walikijaribu zamani, wakaondoka wakitukana. Hakina hata jina.

YALE TULIYOYAFIKIA

Saa inasimama. Na hapa tunaanza kushukuru, kwa sababu bila wewe isingesimama.

Msingi wake ni matofali ya tanuru la zamani, yale yaliyokwisha kuungua mpaka hayaungui tena. Hakuna anayeyanunua. Wewe ndiye uliyeandika jina lako ili getini kwa kampuni watuachie tuyatoe. Tunakushukuru.

Magurudumu ni ya mti wa mubanga, ambao mchwa wanauonja wanauacha. Mti hata hivyo utachakaa, sisi si wajinga. Kwa hiyo kipimo cha kila kipande kimechongwa ndani ya mawe ya bapa ya mwamba wa kilima yaliyozunguka saa. Hakuna maandishi. Tata Beya alisema watu watakaokuja pengine hawatajua Kiswahili wala Kifaransa, lakini watakuwa na mikono na kisu. Wataweka mti ndani ya alama ya jiwe, wakate unapozidi, na kipande kipya kitaingia mahali pa kile kilichochoka.

Mihimili ambayo magurudumu yanazungukia ni yale mawe ya duara, marefu kama mkono, yanayotoka ndani ya ardhi mashine ya kutoboa ikichukua mfano wa kupima. Mahali mmetoboa mkakosa kitu, hata chembe ya shaba, mawe hayo yalitupwa nyuma ya ghala lenu. Uliturudishia jibu ndani ya siku chache: chukueni, hayana kitu. Tuliyachukua kwa nyimbo, Tata. Hakuna mchonga mawe angeyafanya laini namna ile. Tunakushukuru sana kwa mawe yale. Mara nyingi mtu anapewa kitu chenye bei akakipoteza. Wewe ulitupatia kisicho na bei, na kiko mpaka leo.

Uzito unaovuta saa ni jiwe kubwa. Wajukuu wa Mama Adolphine ndio waliolibeba mpaka juu, bila kuombwa, na tangu siku ile hatujawauliza tena habari ya pikipiki.

Saa haina kengele, maana kengele ingetembea usiku mmoja. Ina jiwe linalolia likipigwa na jiwe lingine. Inapiga mara moja kwa siku, jua linaposimama kichwani. Na kama imekosea, tunaisahihisha siku kama ya leo, mwanzo wa mvua, jua linapopita juu yetu kabisa na mtu anakanyaga kivuli chake mwenyewe. Hata ikilala miaka mia, haitakuwa imekufa. Mtu yeyote akiikuta atangoja siku ya kukosa kivuli, ataiamsha, nayo itasema kweli.

Lililotusumbua zaidi lilikuwa hili: nani atazungusha mkono wa kupandisha lile jiwe la uzito, miaka na miaka? Mlinzi wa mshahara? Mshahara ukikatika ameondoka. Wanafunzi? Shule zinahama. Tulibishana, na Tata Beya akafa tukiwa bado tunabishana. Siku ya kumaliza kilio chake, sisi wa familia tulikuwa tumekaa, hatujui mikono yetu tuiweke wapi. Ndipo mama yangu akasema twende tukazungushe saa ya mzee. Tulipanda. Kila mmoja alizungusha kidogo, jiwe likapanda, saa ikaanza kutembea. Tulishuka tukiwa tumechoka mikono, na kwa mara ya kwanza tulilala.

Juma lililofuata familia ya Kanyinda walimaliza kilio chao, wakaja kuuliza kama na wao wanaweza. Halafu wengine. Tulijiuliza kama ndugu zetu Waislamu watakubali. Tata Amadi alipofiwa na dada yake Djamila, baada ya arobaini alipanda na watoto wote, akasema kuzungusha mkono si kuabudu jiwe. Tangu hapo ndiyo desturi ya Kapata. Anayemaliza kilio ndiye anayepandisha uzito. Kwa hiyo hatuogopi tena kwamba saa itakosa mtu wa kuizungusha. Kampuni zinakwisha, shule zinahama, lakini watu hawatakosa kufa, wala hawatakosa wa kuwalilia.

MATATIZO

Hatuna mengi, na hatutaki kumchosha mgeni. Mbuzi wanapanda kwenye msingi. Njia inakatwa na maji mvua ikizidi. Watoto wanapiga jiwe la mlio kabla ya wakati wake, na wazee wanaanza kunawa mikono chakula hakijaiva.

Kuna jambo moja jingine.

Kiangazi kilichopita walikuja watu wa kampuni na mashine ya kutoboa, wakapanda kilima. Hawakutukosea heshima. Walituamkia, walikunywa maji kwetu, walizunguka saa bila kuigusa. Walitoboa mahali pengi. Mawe ya mashimo ya kwanza waliyaacha pale pale kwenye majani, nasi tuliyaokota, tukashukuru. Mawe ya shimo la mwisho, lile lililo nyuma ya saa, walikaa nayo muda mrefu. Waliyalowesha maji, wakayaangalia, wakaitana. Kiisha wakayapanga ndani ya masanduku ya mbao, wakayafunika, na motokari ilipoondoka watu wawili walikuwa wamekaa juu ya masanduku. Siku zilizofuata tuliona vijiti vyekundu vya wapimaji vimepandwa kuzunguka kilima.

Hatukung'oa hata kimoja. Tumefyeka majani pembeni yao ili visianguke, kwa sababu hatupendi mtu aseme tumeharibu kazi ya mwingine. Tuliuliza getini kwenu maana yake ni nini. Walitupokea vizuri, wakasema tutajibiwa.

Saa tunaweza kuifungua na kuibeba, Tata. Imetengenezwa ifunguliwe. Lakini vipimo vimechongwa ndani ya mwamba wa kilima, na mwamba haubebwi. Na familia zilizozungusha mkono ule zinajua mahali zilipokuwa zimesimama.

MAOMBI

Tunaomba karavati moja kwenye njia, ili maji yapite chini.

Tunaomba wanafunzi wa mitambo watoke Kolwezi katikati, waje wajifunze kuchonga vipande, kwa sababu mikono mingi ni bora.

Na tunaomba mawe ya shimo la mwisho. Mhimili mmoja wa saa umepata ufa, na yale mawe yangetufaa sana. Tunajua desturi ya kampuni yenu, wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha: yasiyo na kitu, wananchi wanapewa. Basi, kama hayana kitu, tupewe. Tutayachukua kwa nyimbo, kama mara ya kwanza.

Hatuna ombi lingine kubwa kuliko hilo.

KABLA YA KUPANDA

Tata Injinia, tulisikia kwamba mama yako amelala kule Likasi, na kilio kimekwisha. Tulituma Mama Adolphine na Tata Amadi watuwakilishe, na kamio ikaharibika njiani, wakafika watu wanatawanyika. Tusamehe. Mama yako aliishi mstari wa tatu miaka mingi. Aliwapa wengi wetu chumvi. Ni mtu wa Kapata, na hakuna bado aliyezungusha saa kwa ajili yake.

Kwa hiyo leo hatutakuomba ukate utepe. Tunakuomba upande, uvue koti, ushike mkono wa saa, uzungushe. Ni mgumu mwanzoni, halafu unazoea. Jua linakaribia kusimama. Ukimaliza, subiri kidogo hapo juu, utasikia jiwe likilia kwa ajili ya mama. Sisi tutakuwa chini, tukisikiliza pamoja nawe.

Mungu amlaze pema mama yako, akulinde wewe, watoto wako na wote unaowaongoza. Akuzidishie miaka, na miaka hiyo ikupate bado una mahali pa kurudi. Awape amani wote walioketi hapa, wenye viti na wenye majani.

Kamio ya Tata Amadi iko pale getini. Leo inawaka. Tumeifagia nyuma, tumetandika magunia ili mawe ya shimo la mwisho yasigongane. Ukishuka, utatuambia tu, na tutaenda kuyachukua.

Ni sisi,
Kikundi cha Walinzi wa Saa, Kapata