Jina la Uongo Katika Kiwanda cha Unga, Kitale

Ndugu zangu, Bwana apokee sifa asubuhi ya leo. Mnivumilie, Kiswahili changu ni cha Burundi na bado kinachanganyika. Naitwa Yohana. Wengi hapa Kitale mlinijua kama Simiyu, na hiyo ndiyo habari yangu.

Kwetu nilisomea ufundi wa umeme. Mota ikiungua, mimi naifungua, natoa nyaya za shaba zilizoungua na kusuka mpya. Vita vikanileta Kenya miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili. Nilipeleka cheti changu karakana nne. Mwenye karakana mmoja akasema hasomi Kifaransa. Mwingine akasema niende kwanza nitafute kibali cha kazi. Kwenye ofisi ya kibali wakaniambia nilete barua ya mwajiri. Mwajiri naye akataka kibali. Nilizunguka hivyo mpaka nikawa sijui nianzie wapi.

Mtu aliyenipa mahali pa kulala akanishauri, "Wewe sema unaitwa Simiyu, umetoka Lwakhakha kule mpakani na Uganda, mama yako ni Mganda. Hakuna mtu atauliza kwa nini Kiswahili yako imepinda."

Ndivyo nilivyopata kazi ya kubeba magunia katika kiwanda cha unga cha Mama Wanjiru. Nilibeba miaka miwili. Rafiki yangu alikuwa Barasa, fundi msaidizi wa mashine. Tulikula sahani moja. Alinisimulia kwao Bungoma na mimi nikamsimulia Lwakhakha, mji nisioujua hata barabara yake. Nikiomba, sikujua nimwambie Mungu ni nani anayeomba.

Siku moja mota kubwa iliungua. Fundi wa Eldoret hakufika, mashine ikanyamaza siku tatu, na Mama Wanjiru akaanza kuturudisha nyumbani. Nikamwambia Barasa tuifungue. Niliisuka siku mbili, naye akinishikia nyaya. Ilipowashwa ikanguruma vizuri.

Mama Wanjiru akaniangalia sana. "Simiyu, kumbe wewe ni fundi? Jumatatu niletee kitambulisho na cheti. Utaingia karakana, upate mshahara wa fundi kama wengine."

Ndugu zangu, hicho ndicho nilichokuwa nikiomba, na kilipokuja nikakikimbia. Cheti kilikuwa na jina Yohana. Kitambulisho sikuwa nacho. Jumatatu ilinikuta Bungoma, nafyatua matofali, na sikuweza kujieleza mwenyewe kwa nini.

Huko nilisali kwenye kikundi kidogo, nyumbani kwa mjane aitwaye Mama Nafula. Nilipomweleza yote, hakunikemea. Aliuliza tu, "Sasa Mungu akikubariki, ambariki nani? Huyo Simiyu hayuko, baba." Nililia mbele ya watu, kisha nikasikia mwili umekuwa mwepesi. Lakini hofu haikuondoka, nisiwadanganye. Nilirudi Kitale nayo.

Niliweka cheti mezani kwa Mama Wanjiru na kumwambia jina langu. Nilikuwa nangoja aite polisi. Alikigeuza cheti, halafu akasema, "Baba yangu alihamia hapa kutoka Nyeri. Mimi nimezaliwa hapa, na bado kuna siku naambiwa nirudi kwetu. Lakini siwezi kukuajiri bila kibali, hiyo ni sheria. Nitakuandikia hiyo barua."

Aliiandika, akatafuta mtu wa kutafsiri cheti, na tukaenda naye ofisini mara nyingi. Miezi ikapita. Kibali kikatoka, kwa jina langu.

Niliyemwogopa ndiye aliyenisaidia. Niliyempenda ndiye aliyeumia. Barasa aliniambia, "Miaka miwili, bana. Si ungeniambia tu? Nilikuwa nimekukosea nini?" Na tena akauliza kwa nini mgeni aingie karakana akimpita yeye aliyetangulia. Nilichoweza ni kumwomba msamaha na kumfundisha kusuka mota. Alikaa wiki mbili bila kunisalimu, akifika kila asubuhi kujifunza. Leo sisi wote ni mafundi, mshahara mmoja. Kama amenisamehe kabisa, sijui. Sijathubutu kumuuliza.

Mambo mengi bado siyaelewi. Kwa nini mlango ufunguke kwangu, na wenzangu wenye vyeti bado wanabeba magunia? Namshukuru Mungu na bado namuuliza.

Wewe mwenye kazi, mgeni akija, tafadhali soma karatasi yake kabla ya kumpa gunia. Nawe mgeni uliyejificha nyuma ya jina lisilo lako, mwamini Bwana, anakujua kwa lile la kweli. Baada ya ibada nitakuwa pale mlangoni. Njoo na cheti chako, kiwe kwa lugha yoyote. Mama Wanjiru amekubali tuanze kuandika barua za kuombea kibali kesho.