Kombe la Mama na Donge la Tumboni

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeniacha hai nikasimama hapa msikitini nilipozoea kufukuzwa kwa kuchekesha watu. Leo sichekeshi. Nitajitahidi.

Naanza na upumbavu wangu: nilikunywa kombe la mama.

Mwalimu wetu wa Kurani, huyo aliyekaa mbele akinikazia macho, alimwandikia mama aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji, akanipa chupa nimpelekee anywe apate shifaa. Mama alikuwa akiumwa tumbo tangu Ramadhani. Choo chake kilikuwa cheusi kama masizi, na akichota ndoo moja ya maji lazima akae kupumzika. Mimi nilikuwa na mtihani wa hesabu asubuhi yake. Nikawaza, mama ana siku nyingi, hesabu ni kesho. Nikalinywa lote nyuma ya msikiti, nikajaza maji ya kisima na bizari kidogo, rangi ikalingana. Mama akanywa siku tatu, bismillahi kila funda. Mtihani nilipata mbili katika ishirini.

Siku ya nne mama akatapika damu.

Ndugu zangu, nilijua nimemuua! Mjomba Shomari akampakia kwenye lori la mbata hadi Dar es Salaam. Nami nikapanda juu ya magunia, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kunikataza.

Hospitali wakamnywesha uji mweupe kama chokaa, kisha wakampiga picha ya eksirei. Daktari akaiinua picha dirishani. Tumbo lilionekana jeupe, na katikati duara jeusi lenye kingo laini. Akasema kwa Kiingereza na dresa, msaidizi wake, dresa akamgeukia mjomba.

"Kuna uvimbe. Anasema huenda ni saratani, huenda siyo. Hajui mpaka apasue."

"Kama siyo saratani, ni nini?"

"Anasema vipo vivimbe visivyo na ubaya, ila ni nadra mno. Yeye mwenyewe amevisoma vitabuni tu."

Nikatoka uani, nikamwahidi Mungu mambo mengi. Mengine, wallahi, sidhani kama nitayaweza.

Wakampasua. Donge lilikuwa kama limau kubwa, na lilipokatwa ndani lilikuwa la manjano kama mafuta ya kondoo. Kipande kikapelekwa kwenye darubini, tukangoja siku kadhaa. Halafu dresa akaja anacheka.

"Mafuta matupu, mzee! Lilikuwa na kidonda juu yake, ndiko damu ilikotoka. Saratani hakuna. Mama huyu mpeni mchuzi."

Alhamdulillahi! Mjomba alilia, akasema ni vumbi la mbata.

Ndugu zangu, mtegemeeni Mungu. Na tumbo likiuma siku nyingi, nendeni mkapigwe picha, maana Mungu yupo hata kwenye ule uji wa chokaa. Tena kombe la mgonjwa msiliguse. Mwalimu, shikamoo, na unisamehe.

Mama nilimwambia yote palepale wodini, kamasi zinanitoka. Akasema:

"Bizari naitwanga mwenyewe, nitakosaje kuijua? Nilijua tangu funda la kwanza. Nikanywa tu, nikasema alhamdulillahi, mtoto huyu kalinywa kombe langu, kumbe kuna kitu anachokiamini."