Kifungo Kwanza: Risala ya Darasa la Nne kwa Afisa Elimu

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Afisa Elimu. Mwalimu Mkuu, walimu na wazazi wetu. Na wewe fundi wetu uliyejificha nyuma ya mlango:

KARIBU

Shikamooni. Sisi watoto sitini na wawili wa Darasa la Nne tumefurahi mno kukupokea, tena leo tumeoga wote.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, mwanzoni mwa mwaka kuzidisha kwa tarakimu mbili kulitutoa jasho. Mwalimu wetu wa hesabu alitueleza kwa upole kwamba tukifika kwenye makumi, tusogee nafasi moja kushoto. Nasi ni watoto watiifu, tukasogea. Benchi zima lilisogea kushoto, na aliyekaa mwisho, mwenzetu tunayemwita Kasi, akajikuta sakafuni.

Siku hiyohiyo mama yake Kasi, fundi cherehani, alikuja kupima mapazia. Madirisha yetu ni kumi na manne, na kila pazia lilitaka pete ishirini na tatu. Mwalimu akaiandika hesabu hiyo ubaoni, nasi tukajibu kwa sauti moja kwamba pete ni mia moja na kumi na tano. Mama akavua futi yake shingoni.

"Wanangu," akasema, "kwa pete hizo madirisha tisa yatabaki uchi."

Tulicheka, kisha tukaona haya. Akatoa kifungo cheupe mfukoni, akakishikilia ubaoni kwenye safu ya mamoja, mstari wa pili. "Kabla hujagusa makumi, shona kifungo hapa. Kifungo kwanza."

Kifungo kikawa sifuri. Tisini na mbili, jumlisha mia mbili na thelathini, tukapata mia tatu ishirini na mbili. Kasi ndiye aliyeimalizia, vumbi la sakafu likiwa bado kwenye sketi yake.

MAFANIKIO

Tangu hapo mama huyo huja kila Jumanne na Alhamisi, na mwalimu wetu humwachia chaki bila kinyongo. Mtihani wa mwezi uliopita tumefaulu hamsini na wanane. Wale wanne waliobaki tunawafuata hadi mlango wa choo tukiwakumbusha kifungo. Kasi sasa anazidisha tarakimu tatu kwa tatu, na mstari wa tatu anashona vifungo viwili bila kuambiwa. Tunajivunia, wala hatufichi.

CHANGAMOTO

Mabenchi ni machache, lakini kubanana tumezoea. Kinachotunyima raha ni barua ya ofisi yako, inayosema kuanzia mwezi ujao asiye na cheti cha ualimu asiingie darasani. Kasi alichungulia orodha ya walimu, akakuta mbele ya jina la mama yake, kwenye safu ya vyeti, pameandikwa sifuri. Alilia. Tukalia naye, hata wale wanaojifanya wagumu.

OMBI

Mgeni rasmi, tulikuwa tumeandika ombi la mabenchi. Tumelifuta, ili hili la fundi wetu lisipate mwenzake. Sheria hatuzijui, ila sifuri sasa tunaijua vizuri. Ukiiondoa mahali pake, sisi tunarudi mia moja na kumi na tano. Tafadhali, kifungo chetu usikikate.

Mungu akupe afya, akufikishe salama ofisini, na kalamu yako iwe na huruma.

Ni sisi wanao,
Wanafunzi wa Darasa la Nne.
Imesomwa kwa niaba yetu na Kasi, benchi la mwisho.